Vitanda Vilivyoletwa kwa Ajili ya Wageni

Rafiki yangu Leokadia alikuja msibani asubuhi, jua likiwa limeshapanda, akiwa ametoka mtaa wa Kinama kwa miguu kwa sababu hakuwa na moyo wa kusubiri basi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni, nimeegemea ukuta, wanawake wa mtaa wetu wa Jabe wamenizunguka na visomo vyao. Mwanangu Mariamu tulikuwa tumemzika juzi yake. Leokadia ni Mkristo, hajui dua zetu, lakini anajua kukaa na mtu. Alivua viatu mlangoni, akaja kukaa karibu nami mpaka bega lake likagusa langu. Kisha akaniinamia sikioni akasema, "Zai, unakumbuka siku ya vitanda? We ulibeba mutoto wa mwingine, mi nikabaki na Mariamu mugongoni." Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele za watu, nikiwa nimefunikwa kanga ya msiba. Wanawake wakatazamana, na mmoja akaniambia kwa upole, "Zaituni, sema alhamdulillahi." Nikasema. Halafu ndipo machozi yakaja, yale ambayo makaburini yalikuwa yamekataa kutoka.

Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria mwaka ule mmoja na nusu, na mjukuu wangu amenipa daftari akaniambia, "Bibi, andika." Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo anayesoma asitegemee maneno makubwa. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala ukoo wangu ni upi. Nataka kueleza mwaka aliozaliwa Mariamu, mwaka ambao nilikuwa mfumaji wa nguo, na mwanamke mmoja kutoka China ambaye sijui kama bado yuko hai.

Serikali ya mapinduzi ilikuwa bado mpya. Neno lenyewe, mapinduzi, lilikuwa limeandikwa kwenye kuta za soko na kwenye malango ya shule, na Jumamosi asubuhi tulitolewa majumbani kwenda kufyeka na kuchimba mitaro kwa ajili yake. Wanajeshi walioichukua nchi walikuwa wanatafuta marafiki, na China nayo ilikuwa inatafuta marafiki. Redio ilisema hivyo, ingawa ilisema kwa maneno marefu zaidi. Sisi watu wa mitaani tuliuona urafiki huo ukifika ndani ya masanduku. Yalitoka Kigoma kwa meli, yakashushwa bandarini, yakapita mjini juu ya malori, masanduku ya mbao makubwa kama vyumba. Baada ya mashine kutolewa, mbao zake ziliuzwa, na mpaka leo nikipita Kinama naona nyumba yenye mlango ulioandikwa maandishi ya Kichina ambayo mwenye nyumba hajui yanasema nini. Pamba ingetoka kwetu, bondeni Imbo. Mashine na walimu wangetoka kwao. Kiwanda kingekuwa chetu sote. Nilikuwa msichana aliyeolewa karibuni, mume wangu akiendesha lori kwenda Kigali na Bukavu, akija, akiondoka. Waliposema wanatafuta wasichana wenye vidole vyepesi, nilikwenda kujipanga kabla sijamwuliza mtu.

Siku ya kwanza walitusimamisha uani. Direkta, yaani mkurugenzi wa kiwanda, mtu wetu wa hapa hapa, aliyevaa suti ya kijivu na beji ya chama, alizungumza Kirundi, kisha Kifaransa. Mkuu wa Wachina akazungumza Kichina. Halafu akasimama kijana mwembamba aliyeitwa Wu, mkalimani, ambaye alikuwa amesoma Kiswahili shuleni huko kwao. Akapanua kifua akasema, "Ndugu wafanyakazi, hamjambo? Tumefurahi mno kuwasili katika nchi yenu tukufu." Pembeni yangu alisimama msichana mrefu ambaye sikuwa namjua, akaning'ong'oneza, "Huyu ametoka China ao Tanga?" Nikashika mdomo. Huyo ndiye alikuwa Leokadia. Direkta akafunga kwa onyo moja, nalo alilisema kwa lugha zote alizozijua: kiwanda cha mapinduzi si zahanati, mwenye mimba arudi kwa mumewe. Wasichana wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimeanza kutapika asubuhi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke, Mwalimu Chen. Alikuwa na umri wa kunizaa, nywele fupi zimebanwa kwa pini moja, suruali ya bluu na viatu vya kitambaa. Hakuwa mtu wa maneno. Wu alikuwa na walimu wengi wa kuwatafsiria, hivyo Chen alifundisha kwa mikono. Alisimama nyuma yako, akapitisha mikono yake chini ya yako, akashika vidole vyako na kuvipeleka kwenye uzi uliokatika. Ulimsikia akipumua shingoni mwako. Fundo la mfumaji linatakiwa liwe dogo sana, lipite katikati ya nyuzi nyingine bila kukwama, na lazima ulifunge haraka, kwa sababu kila uzi ukikatika mashine inasimama. Alitufunga macho kwa vitambaa tukafunga mafundo gizani mpaka vidole vikaelewa. Kiswahili alijifunza kwetu, kwa hiyo kikawa Kiswahili chetu. "Mukono laini," alisema. "Apana nguvu. Laini." Wu alipomsahihisha kwamba husemwa hapana, na husemwa mkono, Chen alimtazama kidogo akajibu, "Apana," na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Mashine zilipowashwa zote kwa mara ya kwanza, baadhi ya wasichana walikimbia nje. Ule haukuwa mlio. Ulikuwa ni kitu kinachokuingia kwa nyayo na kukaa kwenye meno. Chombo kinachopitisha uzi, ambacho sisi tulikiita mtumbwi kwa sababu ya umbo lake, kiliruka upande huu na upande ule kwa kishindo, na mitumbwi ilikuwa mingi, na vumbi la pamba lilitukaa kwenye kope tukafanana na vikongwe. Sauti ya mtu haikusikika hata akipiga kelele. Tukajifunza kuongea kwa midomo tu, bila sauti, kama Chen na wenzake walivyokuwa wakifanya. Baada ya wiki chache niliweza kusoma midomo ya Leokadia kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Tazama kapita," alisema kimya, akimwonyesha msimamizi wetu kwa macho, "amevaa soksi za rangi mbili, bibi yake amemufukuza gizani." Kapita alidhani tunaimba. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nasema kweli. Nilikuwa nimewahi kupika, kufua, kuchuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mboga kwenye soko la Jabe, lakini sikuwahi kutengeneza kitu kilichokuwa hakipo asubuhi na jioni kipo, kimeviringwa, kizito, cheupe. Nilitaka vitu viwili tu mwaka ule: ile mashine na yule mtoto tumboni. Nilikuwa sijui kama mtu mmoja anaweza kupewa vyote viwili.

Nilijifunga kitenge kwa kukaza, juu yake nikavaa vazi la kazi. Tumbo halikunisaliti. Mikono ndiyo ilinisaliti. Nilikuwa nimeanza kusimama mbali na mashine, nikinyoosha mikono kuufikia uzi, na Chen alikuwa mtu wa kutazama mikono. Siku moja alikuja nyuma yangu kama kawaida, lakini badala ya kunishika vidole akaweka kiganja chake mgongoni mwangu, chini, mahali panapouma. Nikageuka. Midomo yake ikasema bila sauti, "Mutoto?" Nikaitika kwa kichwa. Akaondoka haraka, nami nikajua kazi imekwisha. Alirudi na kigoda. Akaniongoza mpaka kwenye meza ya kukagua nguo, akanikalisha, akamwita Wu na direkta, akaeleza kwamba nina macho makali kuliko wote, kwamba kiwanda kinahitaji mkaguzi. Wu alilitazama tumbo langu, akamtazama Chen, kisha akatafsiri neno kwa neno bila kutikisa uso. Na siku zangu zilipofika, Chen alimwambia direkta kwamba Zaituni ameshikwa na ugonjwa wa macho unaoambukiza, asije mtu karibu naye mpaka apone. Direkta akasema nikae nyumbani muda wote nitakaohitaji. Alikuwa akiogopa sana magonjwa.

Mariamu alizaliwa Jabe, chumbani kwangu, mikononi mwa jirani yangu Bi Hija, mwanamke wa watu wa Oman aliyekuwa na duka dogo la vitambaa na sauti ya kuamrisha. Siku ya arobaini yake tulipika pilau kidogo na kuwaita majirani, na katikati ya chakula watoto wakapiga kelele uani, "Muchina! Muchina!" Chen alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Hilo lilinishtua, kwa sababu wote tulijua kwamba wao hawaruhusiwi kutembea peke yao wala kuingia nyumba za watu. Alivua viatu vyake vya kitambaa. Alikaa kwenye mkeka, akanawa, akala kwa mkono kama alivyotuona tukifanya, punje zikimwangukia kwenye suruali, wanawake wakimtazama kila tonge. "Muulize kama kwao kuko ndagala," alisema mmoja. "Muache ale kwanza, we mutu gani," akajibu Bi Hija. Chen akatoa mfukoni kifurushi cha sukari nyekundu na tangawizi iliyokaushwa, akaonyesha kwa mikono kwamba ni ya mzazi, ichemshwe, inywewe moto. Bi Hija akainusa akatangaza, "Kumbe hata wao wanamupa muzazi tangawizi." Baada ya hapo hakuna aliyemtazama kama mgeni.

Alimpokea Mariamu, akamlaza juu ya mapaja yake, akamwangalia kwa muda. Kisha akanyoosha kiganja karibu na sakafu, kimo cha mtoto anayeanza kutembea. "Mutoto yangu," akasema. Akafikiri. Akapandisha kiganja juu kidogo. Akafikiri tena, akakipandisha zaidi, na hapo mkono ukabaki hewani kwa sababu hakujua uishie wapi. Alikuwa amemwacha mwanawe kwa bibi yake alipotumwa kwetu, na mkataba wake ulikuwa bado mrefu.  Bi Hija alimwongezea pilau.

Nilirudi kazini, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mariamu alibaki na Bi Hija, na kutoka Jabe mpaka kiwandani ni mbali, huwezi kwenda na kurudi wakati wa chakula cha mchana. Alikataa uji. Alikataa maziwa ya ng'ombe. Alinisubiri mimi tu, na jioni nilipofika alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, akinyonya kwa hasira, akisinzia kabla ya kushiba. Alianza kukonda. Huku kazini maziwa yalinijaa mpaka yakavuja, yakapita kwenye nguo, yakadondoka juu ya kitambaa cheupe nilichokuwa nakikagua. Kapita alikuja akaona doa. "Zai, hii nini?" Nikajifunika kifua kwa mkono. Alisimama pale, mtu mzima mwenye watoto wake, uso ukamwiva kwa aibu, akakunja kitambaa doa likaingia ndani, akaondoka nacho. Chen aliona yote. Siku ile alinijia wakati wa chakula na Wu nyuma yake. Wu akasema, "Mwalimu anauliza, chumba cha watoto kiko wapi?" Nikamwambia sijui anasema nini. Ndipo akaeleza kwamba katika kiwanda alichotoka Chen kuna chumba karibu na ukumbi, watoto wachanga hukaa humo na mtunzaji, na mama huenda kunyonyesha kisha akarudi kwenye mashine. Alikuwa amedhani chetu kipo mahali fulani, na sisi hatukitumii kwa sababu ya mila. Leokadia alikuwa anakula maharage. Akaacha kutafuna. "Muambie," akasema, "hapa hata chumba ya direkta kinavuja."

Chen alikwenda kwa direkta. Alikataliwa. Alikwenda tena. Halafu ikaja habari kwamba wageni wakubwa kutoka China watatembelea kiwanda, watu wa juu kabisa, pamoja na wakubwa wa mapinduzi wa kwetu. Nilikuwa napita kwenye varanda ya ofisi nikiwa na marobota ya nguo nikasikia direkta akisema ndani, kwa furaha, kama mtu aliyekumbuka kitu chake mwenyewe, "Chumba cha watoto! Wageni watapiga picha." Siku chache baadaye mafundi walikuwa wanapaka rangi chumba kimoja karibu na ukumbi. Vikaletwa vitanda vidogo vya chuma, vyeupe, vimepangwa mistari kama hospitali, kila kimoja na shuka lake. Direkta akatangaza kwamba wafanyakazi wenye watoto wachanga wawalete. Tukajitokeza, mimi na wengine ambao siri zao sikuwa nazijua, na yeye akatutazama mmoja mmoja bila kusema lolote kuhusu zahanati. Tulikuwa hatutoshi kujaza vitanda, hivyo wakaongezwa watoto kutoka mitaa ya Kinama na Mutakura, pamoja na mama zao. Watoto wote walivalishwa nguo za aina moja, za kitambaa chetu. Nilimlaza Mariamu kwenye kitanda chake na nilikuwa nalia kwa shukrani. Nilidhani nimepewa vyote viwili.

Lakini hakuna aliyefikiri juu ya jambo moja, si Wachina, si direkta, wala sisi wenyewe. Watoto wale hawakuwahi kulala peke yao. Mtoto wa kwetu mchana yuko mgongoni, usiku yuko ubavuni, na akitoka kwa mama anapokelewa na mgongo mwingine. Kitanda cha chuma chenye nafasi pande zote kwake ni kama kutupwa. Tulitolewa chumbani, tukapangwa mstari ukumbini, mashine zikasimamishwa kwa ajili ya hotuba. Hotuba ilikuwa ya udugu wa nchi mbili, ndefu, katika lugha tatu. Katika kile kimya mtoto mmoja akalia. Wa pili akamjibu. Kisha wote. Ukumbi mtupu, mashine kimya, na kilio kile kikipita ukutani. Tulivumilia mpaka mwanamke mmoja wa Mutakura akavunja mstari, na baada yake wote tukakimbia. Hakuna aliyetafuta wa kwake. Nguo zilikuwa za namna moja, nyuso zote zimekunjwa kwa kilio. Kila mwanamke alimnyakua aliyekuwa karibu, akamrusha mgongoni, akajifunga. Hata wasiokuwa na watoto. Ilikuwa ni mikono tu inafanya kazi yake.

Wageni walipofika mlangoni walikuta vitanda vitupu vyote na wanawake wamesimama wakijitikisatikisa, watoto kimya migongoni. Mimi nilikuwa na dume moja la Kinama lililonikojolea mpaka kwenye visigino. Mzee mwenye miwani, mkubwa wa wageni, alisimama mbele ya Leokadia, akamshika Mariamu mguu. Wu akatafsiri, "Mama, mtoto wako ana umri gani?" Leokadia akasema, "Sijui, mukubwa. Mi sijaolewa." Wu alifikiri kidogo, kisha akasema maneno mengi kwa Kichina, na yule mzee akafurahi akapiga makofi, na wote wakapiga makofi. Picha ikapigwa. Mariamu alikuwa amelala, shavu kwenye mgongo wa Leokadia.

Siku iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Direkta alisema wametupa nafasi na sisi wenyewe tumeonyesha mbele ya mataifa kwamba hatutaki vitanda. Chumba kikawa ghala la vigurudumu vya nyuzi. Watu wananiuliza ni nani alikuwa mbaya katika hadithi hii, na mimi nashindwa kujibu, kwa sababu direkta aliamini alichosema. Chen peke yake ndiye aliyekuwa ameelewa. Alimwambia Wu amweleze direkta: toa vitanda, weka mikeka, weka wanawake wawili wazima wenye migongo. Direkta akasema mkuu wa Wachina ndiye aseme. Mkuu wa Wachina alisema lake, na Wu alinieleza kantini, akiangalia bakuli lake: "Mkuu wetu amesema hayo ni mambo ya ndani ya nchi yenu. Sisi hatuingilii mambo ya ndani ya marafiki zetu." Leokadia akamjibu, "Mambo ya ndani gani? Mutoto anataka ziwa." Wu alisukuma mkate wake mweupe upande wangu, akasimama akaenda zake bila kula.

Basi Chen akafanya alichoweza. Alikuwa na ufunguo wa chumba cha kulowekea nyuzi, nyuma, karibu na ukuta wa ua. Akatandika mkeka humo. Bi Hija aliacha duka lake kwa nduguye, akaja kila asubuhi na Mariamu mgongoni kupitia mlango mdogo wa kutolea maji, mwanamke yule mnene, mwenye fahari, akiinama kupita hapo kama mwizi. Nilinyonyesha mchana nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya nyuzi, mvuke umetuzunguka, mashine zikiguruma ng'ambo ya ukuta. Mariamu akaanza kunenepa tena. Hilo lilidumu msimu mmoja wa mvua. Ni nani aliyetusema kwa wakubwa, sikujua na sitasingizia mtu. Walikuja wakaukunja mkeka. Kwa direkta kosa lilikuwa dogo, angenikaripia tu. Kwa wakubwa wa Chen halikuwa dogo, kwa kuwa alikuwa amepita juu ya kauli yao, na waliongeza na ile siku ya Jabe, alipokula nyumbani kwa mfanyakazi, peke yake. Ikaamuliwa arudishwe kwao kabla ya wakati. Leokadia alinifariji, akasema, "Si atamuona mutoto wake?" Nami nilishika hilo. Bado nalishika.

Siku ya kuondoka walimpitisha ukumbini pamoja na mafundi wengine waliokuwa wamemaliza mikataba yao, ili ionekane wote wanakwenda kwa heshima moja. Direkta mbele, mkuu wao nyuma. Mashine hazikusimamishwa. Chen alimpa kila mmoja mkono na kusema kwa sauti "Kwa heri, rafiki," kama wenzake, sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Alipofika kwangu alifanya hivyo hivyo, akaenda. Mwisho wa mstari akageuka, wakubwa wakiwa wamempa mgongo. Midomo yake ikafunguka bila sauti. "Beba mutoto." Aliisema mara moja tu, wazi, kama mtu anayefundisha. Wakubwa wale wote walikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeisoma midomo yake.

Nilirudisha mkasi wangu wa kukatia nyuzi kwa kapita na kuacha kazi kabla ya mwisho wa wiki. "Mutoto ungemupatia bibi yake akulelee," aliniambia, na hakuwa akinikejeli, alikuwa ananihitaji. Nikamwambia mtoto anakonda. Akasema pole. Leokadia aliniangalia kutoka kwenye mashine yake mpaka nilipotoka, na kwa mara ya kwanza midomo yake haikusema kitu. Sikufuma tena maisha yangu yote. Niliuza mboga, niliuza maandazi, nilimlea Mariamu na wadogo zake, nikapita vita pamoja naye, nikamwoza, nikawapokea wanawe. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nimeacha kitu. Hakukuwa na haja. Lakini wakati mwingine, akinisuka nywele uani, vidole vyangu vilikuwa vikifunga mafundo kwenye ncha ya kanga bila mimi kujua, naye aliyafungua mafundo yale akinitania, "Mama, unamufunga nani?"

Juma lile la kwanza nyumbani, baada ya kuacha kazi, Mariamu mchanga alinishinda. Alishiba, alikuwa mkavu, hana homa, lakini mchana alipotakiwa kulala alilia. Bi Hija akasema ni jicho. Mimi niliwaza mpaka nikaelewa: alikuwa amekaa tumboni mwangu katikati ya mashine, na baadaye kwenye mkeka ule nyuma ya ukuta, na kimya cha nyumba kilikuwa kinamtisha. Basi nilimlaza, nikapiga mkeka kwa kiganja na kutoa sauti kwa mdomo, kishindo upande huu, kishindo upande ule, mwendo ule ule wa mtumbwi. Akalala palepale. Nilifanya hivyo kila mchana, nikipunguza sauti kidogo kidogo, mpaka akajifunza kulala kwenye kimya.

Mwezi uliopita, hospitalini, maumivu yalimnyima usingizi. Dawa ilikuwa imekwisha nguvu na daktari alikuwa hajapita. Ilikuwa saa nane mchana, wagonjwa wengine wamelala, feni haizunguki. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikaweka kiganja kwenye ukingo wa godoro nikaanza kupiga, na kwa mdomo nikatoa sauti ile, ambayo hata sikujua kama bado ninayo. Muuguzi aliyepita akauliza, "Mama, hiyo ni dua gani?" Nikamwambia si dua, ni kazi yangu ya zamani. Mariamu alifumbua macho akanitazama, mwanamke wa makamo mwenye mvi, kisha akayafumba, na paji lake la uso likakunjuka. Nikaendelea. Alipolala vizuri nikaanza kupunguza sauti kidogo kidogo, kama nilivyomzoesha, na nilipofika kwenye kimya nikamwinamia nikasikiliza pumzi yake.